Chora Kwanza, Saini Baadaye: Mwongozo Kamili wa Usanifu wa TEHAMA kwa Taasisi Inayotoa Kazi Nje

Katika chama kimoja cha akiba na mikopo nilichowahi kukihudumia, mkataba wa mfumo mkuu ulikuwa umebakiza siku 40 kumalizika, na bodi ilikuwa imekwisha kuamua kumtafuta mtoa huduma mwingine. Meneja aliniita nisaidie kuandika hadidu za rejea za zabuni mpya. Nikaomba ramani ya mifumo yao. Ramani haikuwapo, kilichokuwapo ni mkataba mnene, umefungwa vizuri, kila ukurasa umetiwa saini ndogo pembeni. Tulikaa na mhasibu siku mbili tukifuatilia jinsi makato ya mishahara ya wanachama yanavyofika kwenye akaunti zao, na siku ya pili tukajikuta tumeinama chini ya meza ya karani wa mikopo, mbele ya kompyuta kuukuu iliyobandikwa karatasi kwa selotepu yenye neno moja kwa herufi kubwa: USIZIME. Kila usiku, programu ndogo iliyomo ndani ya kompyuta hiyo huchukua majedwali ya Excel yanayotumwa na waajiri, hurekebisha namba za wanachama, kisha huyaingiza makato kwenye mfumo mkuu. Iliandikwa miaka mingi nyuma na fundi wa yule mtoa huduma aliyekuwa anaondoka, tena kwa nia njema kabisa. Haikutajwa hata kwenye mstari mmoja wa mkataba, na msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, hakuna aliyekuwa nao.

Nimeanza na kompyuta ile kwa sababu inaonyesha uhusiano ninaotaka kuueleza. Mkataba wa kutoa kazi nje, yaani kumkabidhi mtoa huduma wa nje kazi ambayo taasisi ingeweza kuifanya kwa watumishi wake, hueleza kile tunacholipia. Usanifu wa mifumo hueleza kile kilichopo, kimeshikana na nini, data inapita wapi, na nini kitaanguka kikiondolewa. Taasisi inayosaini mkataba kabla ya kuujua usanifu wake hukabidhi vitu ambavyo haijui kuwa inavyo, na siku ya kuvidai haijui iombe nini. Hatua zinazofuata nimewaandikia mkuu wa kitengo cha TEHAMA, afisa ununuzi na meneja wa taasisi ya ukubwa wa kati: SACCOS, hospitali, chuo, mamlaka ya maji, kampuni ya bima. Zifuatwe kwa mpangilio huu, kwa kuwa kila moja hutumia matokeo ya ile iliyotangulia.

Hatua ya kwanza: chora kilichopo, si kinachodhaniwa kuwapo

Usianze kwa kuhesabu seva. Anza na muamala mmoja ambao taasisi yako haiwezi kuishi bila huo, uufuate kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa SACCOS, fuata shilingi ya mwanachama kuanzia inapokatwa kwenye mshahara hadi inapoonekana kwenye taarifa yake ya akaunti. Kwa hospitali, mfuate mgonjwa kutoka dirisha la mapokezi, aingie kwa daktari, aende maabara, afike dirisha la dawa, kisha ufuate dai lake hadi kwa mfuko wa bima. Kaa na mtu anayefanya kazi hiyo, siyo na mkuu wake, umwambie akuonyeshe kwenye kompyuta yake badala ya kukusimulia. Kila mara data inapohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, chora mstari, hata kama uhamisho huo hufanywa kwa flashi, kwa barua pepe, au kwa mtu kusoma namba kwa sauti huku mwenzake akiandika. Mistari ya aina hiyo ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu mzabuni hataiona anapokuja kukagua, na wewe utaikumbuka siku itakapokatika.

Kwa kila kisanduku kwenye mchoro, yaani kila mfumo uliounganishwa na mistari hiyo, andika majibu ya maswali haya: kinafanya kazi gani, data yake inakaa wapi kimwili, nani mwenye nenosiri la msimamizi mkuu, leseni imetolewa kwa jina la nani, msimbo chanzo uko wapi, na nakala rudufu ya mwisho iliyojaribiwa kurejeshwa ni ya tarehe gani. Usisahau vitu vidogo visivyoonekana kama mifumo. Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la taasisi au la kijana aliyeitengeneza? Jina linaloonekana kwenye SMS mnazowatumia wanachama liko kwenye akaunti ya nani? Namba ya kampuni ya kupokelea malipo ya simu iliombwa na nani, na ujumbe wa kuthibitisha mabadiliko huenda kwenye simu ya nani? Nimekuta taasisi zenye hati safi za ukaguzi ambazo hazikuweza kujibu hata nusu ya maswali haya, na hazikuwa na uzembe wowote mwingine wa kuonyesha. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwa taasisi ya ukubwa wa kati kazi hii huchukua wiki mbili au tatu. Ifanywe na watumishi wa ndani, hata kama mshauri wa nje atawaongoza, kwa sababu ujuzi unaopatikana wakati wa kuchora una thamani kuliko karatasi yenyewe.

Hatua ya pili: hesabu mistari kabla ya kuchagua cha kutoa

Mazoea ni kuuliza kazi ipi ni ghali, kisha kuitoa hiyo. Swali hilo ni halali, lakini lisiwe la kwanza. La kwanza liwe hili: kisanduku hiki kina mistari mingapi? Huduma ya kutuma SMS huwa na mstari mmoja tu: mfumo mkuu unatoa ujumbe na namba ya simu, basi. Kumpa kazi hiyo mtu wa nje ni rahisi, na kumwondoa ni rahisi vilevile. Leja ya wanachama, kwa upande mwingine, hupokea makato, hupokea malipo ya simu, hulisha uhasibu, hulisha ripoti za msimamizi wa sekta, hulisha mikopo, na mara nyingi husomwa moja kwa moja na jedwali la Excel la mhasibu ambalo hakuna aliyelipangia. Atakayepewa leja hiyo anapewa pia hatamu za mistari yote iliyoshikana nayo, ingawa mkataba utasema anapewa leja tu.

Kipande chenye mistari mingi hakikatazwi kutoka nje. Kinachotakiwa ni kupunguza mistari hiyo kwanza, au kuipitisha yote kwenye mlango mmoja unaoumiliki wewe. Serikali ya Tanzania ilitoa mfano mzuri wa jambo hili katika ukusanyaji wa mapato. Mfumo wa GePG, yaani mlango wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulijengwa na wataalamu wa ndani ya Serikali, nao ndio unaotoa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo leo kila mlipaji wa ada, kodi au bili ya maji anaifahamu. Benki na kampuni za simu ni taasisi za nje, nazo hufanya kazi kubwa ya kupokea fedha kutoka kwa wananchi nchi nzima. Lakini zote huunganishwa na mlango mmoja wa katikati ulio mikononi mwa Serikali. Benki moja ikiondoka au nyingine ikiongezwa, taasisi inayodai malipo haihitaji kuubomoa mfumo wake. Hivi ndivyo inavyowezekana kuwatumia watoa huduma wengi wa nje bila kufungwa na yeyote kati yao: kazi za pembezoni zitoke, kiungo cha katikati kibaki nyumbani.

Ukishahesabu mistari, ongeza maswali mawili. Je, kazi hii ndiyo inayowafanya wanachama au wateja wakuchague wewe, au ni kazi ambayo kila taasisi huifanya kwa namna ileile? Mishahara, barua pepe na ulinzi wa mtandao ni za kundi la pili, na mara nyingi mtu wa nje huzifanya vizuri kuliko fundi wako mmoja anayeitwa pia kurekebisha printa. Kanuni za kumpa mwanachama mkopo ni za kundi la kwanza. Na je, sheria inaiwajibisha taasisi yako kwa kazi hii, hata ikifanywa na mwingine? Jibu la swali hili, kwa data za watu, daima ni ndiyo, na nitalirudia mbele.

Hatua ya tatu: mpaka wa mkataba ufuate mpaka wa mfumo

Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba kundi la watu wanaobuni mfumo hujikuta wameujenga kwa sura ileile ya mawasiliano yao. Kwenye kutoa kazi nje jambo hili huonekana wazi mno. Ukigawa kazi kwa wazabuni watatu, baada ya miaka miwili utakuwa na mifumo mitatu, hata kama ulikusudia mmoja. Na mahali ambapo wazabuni hawaongei, mifumo nayo haitasomana. Kwa hiyo, anayeandika vipande vya zabuni anafanya kazi ya usanifu, ajue asijue. Afisa ununuzi asiachiwe peke yake kuamua kwamba vitu fulani viwe loti moja, yaani fungu moja la zabuni, na vingine loti nyingine kwa sababu tu vinafanana bei.

Weka mpaka pale ambapo mistari ni michache na inaeleweka. Kisha, kwa kila mstari unaovuka mpaka, andika hati fupi ambayo mimi huiita karatasi ya mpakani: ujumbe gani unapita, una sehemu zipi, unapita mara ngapi, nani anauanzisha, upande wa pili unajibu nini ukiupokea, unajibu nini ukiukataa, na ujumbe usipofika nani anatakiwa kugundua na ndani ya dakika ngapi. Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa. Malipo ya mwanachama yametoka kwenye simu yake lakini hayajaonekana kwenye akaunti: kampuni ya kiungo, inayounganisha malipo ya simu na mfumo mkuu, inasema ujumbe ulitumwa, kampuni ya mfumo mkuu inasema haukupokelewa, na mwanachama amesimama dirishani ameshika simu yenye meseji ya uthibitisho. Kama hati haikutaja ni kumbukumbu za nani zitakazoaminiwa, mtabishana wiki nzima. Utaratibu ninaoupendekeza ni taasisi kuweka kitabu chake cha kumbukumbu, mpakani penyewe, kinachoandika kila ujumbe unaoingia na kutoka pamoja na saa yake. Ni programu ndogo, isiyo na gharama kubwa, na humaliza ubishi kwa dakika tano.

Karatasi hizi za mpakani ziwe mali ya taasisi, zitajwe hivyo kwenye mkataba, na mzabuni asibadilishe kiungo bila taarifa ya maandishi ya siku mnazokubaliana. Inasaidia sana kutumia viungo ambavyo tayari vimekuwa vya kawaida sokoni. Safaricom ilipofungua mlango wa Daraja mwaka 2017 ili watengenezaji wa programu waunganishe mifumo yao na M-Pesa kwa njia moja iliyoandikwa na inayojulikana, kazi iliyokuwa ya mafundi wachache ikawa kazi ambayo vijana wengi wanaiweza. Kwa taasisi inayotoa kazi nje, hiyo ina maana kwamba fundi wa kiungo anaweza kubadilishwa.

Hatua ya nne: data inakaa wapi, na inapita njia gani

Mkataba mara nyingi husema huduma itatolewa kwenye wingu, yaani kwenye seva za mtu mwingine zinazofikiwa kwa intaneti, na maelezo yanaishia hapo. Lakini wingu lina anwani. Uliza nchi, uliza mji, uliza kama kituo cha pili cha akiba kiko mji mwingine, na uliza njia ambayo data hupitia kutoka ofisini kwako hadi huko. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikadhoofika vibaya Tanzania, Kenya na nchi jirani. Seva zilizokuwa nje ya nchi zilikuwa zinawaka vizuri, na watoa huduma wake wangeweza kuonyesha ripoti safi kabisa kwamba mitambo yao haikuzimika hata dakika moja. Lakini karani aliyekuwa Morogoro au Kisumu hakuweza kuifikia. Kiwango cha huduma kipimwe mezani kwa karani, siyo ndani ya kituo cha data cha mtoa huduma. Na kazi ambayo lazima iendelee siku kama hiyo, kwa mfano kupokea mgonjwa au kutoa akiba ya dharura, isanifiwe iweze kufanyika kwa saa kadhaa bila mtandao wa nje, kisha kumbukumbu zilingane mtandao ukirudi.

Historia ya M-Pesa inafundisha hapa pia. Huduma ilianza Kenya mwezi Machi 2007 juu ya mfumo uliotengenezwa Uingereza, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2015 Safaricom iliihamishia Kenya, kwenye jukwaa jipya. Huduma ile ilizaliwa na kukua mitambo ikiwa mbali, kwa hiyo sisemi kwamba kila kitu lazima kikae nyumbani tangu siku ya kwanza. Ila lililofaa kwa huduma changa halikufaa tena ilipokuwa mshipa wa uchumi wa nchi. Weka kwenye kalenda siku ya kuliuliza upya swali la mahali.

Sheria nayo ina neno lake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Zote mbili humtofautisha anayeamua taarifa zikusanywe kwa nini na zitumikeje, na yule anayezichakata kwa niaba yake. Taasisi inayotoa kazi nje ndiyo ya kwanza. Mtoa huduma ni wa pili. Taarifa za wanachama zikivuja kwa mchakataji, mwanachama atakuja kwako. Kwa hiyo mchoro wako wa hatua ya kwanza uonyeshe kwa rangi tofauti kila mahali penye taarifa za watu, na kila mstari unaozivusha mpaka wa nchi upelekwe kwa mwanasheria kabla ya zabuni kutangazwa.

Hatua ya tano: amua nani anabaki

Hapa ndipo taasisi nyingi hukosea kwa kudhani zinaokoa fedha. Kazi ikitoka, kitengo cha TEHAMA hupunguzwa hadi abaki mtu mmoja wa kufuatilia ankara. Lakini mtu anayejua mifumo inavyoshikana akiondoka, taasisi haiwezi tena kupima kama bei inayotajwa na mzabuni kwa mabadiliko madogo ni ya haki, haiwezi kujua kama sababu ya kuchelewa ni ya kweli, na haiwezi kuandika zabuni inayofuata bila kumwomba mzabuni wa sasa aiandike. Benki ya JPMorgan ya Marekani ilisaini na IBM mwishoni mwa mwaka 2002 mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya dola bilioni 5, kisha mwaka 2004, baada ya kuungana na benki nyingine, Bank One, ikauvunja na kurudisha kazi ndani pamoja na watumishi wapatao 4,000. Iliweza kwa sababu watu waliozijua kazi hizo walikuwepo na wangeweza kurudi. SACCOS ya mkoani haina watu wa kurudi.

Wanaohitajika kubaki si wengi. Abaki msanifu, hata akiwa na cheo kingine, ambaye ndiye mlinzi wa mchoro na karatasi za mpakani. Abaki anayesimamia mkataba kila siku, anayejua kusoma ripoti ya huduma na kuikataa. Abaki anayewajibika kwa data na usalama. Katika taasisi ndogo watu wawili wanaweza kuyabeba majukumu haya matatu. Mmoja hatoshi, kwa sababu atakwenda likizo. Mishahara yao ihesabiwe kama sehemu ya gharama ya kutoa kazi nje tangu kwenye andiko la kwanza kwa bodi, ili ulinganisho wa bei uwe wa kweli.

Hatua ya sita: hamishia mchoro kwenye mkataba

Mchoro na karatasi za mpakani viwe viambatisho vya mkataba vyenye nguvu ya kisheria. Baada ya hapo, shughulika na hesabu. Mzabuni akiahidi huduma kupatikana kwa asilimia 99.5, katika mwezi wa siku 30 wenye saa 720 anajiruhusu kuzimika kwa saa 3 na dakika 36. Inavumilika. Lakini muamala wa mwanachama wako hupita kwa mzabuni wa kiungo, kisha kwa mzabuni wa mfumo mkuu, kisha kwa kampuni ya intaneti. Kama kila mmoja ameahidi asilimia 99.5 na hawazimiki kwa wakati mmoja, unabaki na asilimia 98.5 hivi, yaani karibu saa 11 kwa mwezi, na hakuna hata mmoja aliyevunja mkataba wake. Hesabu hii haiwezi kufanywa na mtu asiye na mchoro. Ukiifanya, utajua ni kipande kipi cha kununulia njia ya pili.

Zingatia wakandarasi wadogo walio nyuma ya mzabuni. Dai orodha yao, kazi ya kila mmoja, na haki ya kukataa badiliko. Andika kwamba mipangilio ya mfumo, misimbo ya viungo vilivyotengenezwa kwa ajili yako, na nyaraka zake ni mali yako na hukabidhiwa kila robo mwaka, si mwishoni. Kwa mfumo ambao msimbo wake ni mali ya mzabuni, omba uwekwe amana kwa mtu wa tatu, utolewe iwapo mzabuni atafilisika au kuacha kazi.

Tukio la benki ya TSB ya Uingereza linastahili kusomwa na kila anayeandika mkataba wa namna hii. Benki hiyo ilikuwa ikitumia mifumo ya Lloyds, mmiliki wake wa zamani, na baada ya kununuliwa na Sabadell ya Hispania mwaka 2015 iliamua kuwahamishia wateja wake, zaidi ya milioni 5, kwenye jukwaa jipya lililojengwa na kuendeshwa na SABIS, kampuni ya TEHAMA ya kundi hilohilo la Sabadell. Uhamisho ulifanywa kwa sehemu kubwa kwa mkupuo mmoja, mwishoni mwa wiki ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018. Data zilihama salama. Jukwaa ndilo lililoshindwa. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, matawi yote yaliathirika, na huduma haikurudi katika hali ya kawaida hadi Desemba mwaka huo. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyuma ya SABIS kulikuwa na wakandarasi wengine 85, na kwamba jukwaa lililokuwa na vituo viwili vya data vilivyotakiwa kufanana lilijaribiwa kwa uzito kwenye kituo kimoja tu. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65, juu ya fidia ya pauni milioni 32.7 iliyokwisha kulipwa kwa wateja, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wa TEHAMA wa benki alitozwa faini yake binafsi ya zaidi ya pauni 81,000 kwa kutomsimamia ipasavyo mtoa huduma. SABIS ilikuwa ndugu wa familia moja na benki, na undugu huo haukupunguza wajibu wa benki hata kidogo.

Hatua ya saba: pokea kwa kujaribu

Kabla ya kusaini hati ya kupokea mfumo, pitia mchoro kisanduku kwa kisanduku na ujaribu kila kimoja kikiwa kimezimwa. Zima kiungo cha malipo: mfumo mkuu unafanya nini? Zima kituo cha kwanza cha data: cha pili kinachukua kazi kwa muda gani, na je, kimepangiliwa sawasawa na cha kwanza? Jaribu kwa mzigo wa siku ngumu, siyo wa siku ya kawaida. Kwa SACCOS siku hiyo ni mishahara inapoingia. Kwa chuo ni wiki ya usajili. Hamisha kwa makundi: tawi moja, au waajiri wawili, wakae mwezi mzima hadi hesabu zifungwe salama, ndipo wengine wafuate. Mzabuni akikuambia kuhamisha wote kwa usiku mmoja ni nafuu, mwombe aandike pia gharama ya kurudi nyuma asubuhi.

Hatua ya nane: fanya zoezi la kuondoka

Mara moja kwa mwaka, wakati uhusiano bado ni mzuri, mwombe mtoa huduma akupe data zote kwa muundo uliokubaliwa kwenye mkataba, pamoja na maelezo ya kila safu. Ziwekwe kwenye kompyuta ya taasisi ambayo yeye hana ufunguo wake. Kisha mhasibu achukue majina ya wanachama 20, asiyachague mtu wa TEHAMA, na alinganishe salio la kila mmoja na taarifa iliyochapishwa mwezi uliopita. Andika muda uliotumika tangu ombi lilipotumwa hadi salio la ishirini lilipolingana, kwa sababu huo ndio muda mfupi kabisa ambao taasisi yako ingehitaji kuondoka.

Kwenye chama kile, zoezi la kwanza lilichukua siku 19, na salio za wanachama watatu hazikulingana. Tulizifuatilia hadi tukafika palepale kwenye programu ya makato, ambayo kwa miaka yote hiyo ilikuwa ikikata sifuri za mwanzo kwenye namba za uanachama za waliojiunga zamani, kisha karani wa mikopo akizirudisha kwa mkono kila asubuhi bila kumwambia mtu. Kazi yake ile ya alfajiri sasa imo kwenye mchoro, ina mstari wake na karatasi yake ya mpakani, na mzabuni mpya aliipangia bei.